Kuongeza presha ya tabo kwenye injini iliyo kama ilivyotoka kiwandani

Faida ya kuongeza presha ya tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) ni kupata nguvu zaidi bila kufungua injini, kwa kuwa hewa nyingi ikiingia kwenye silinda, petroli nyingi zaidi huweza kuungua. Hapa Tabora, takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi ili kufikia presha ileile, na hewa huingia ikiwa na joto zaidi. Funga kwanza geji ya presha, badilisha oili na plagi, kisha ongeza presha kwa baa 0.1 tu (baa ni kipimo cha presha). Injini ikitoa mlio wa kugonga, yaani petroli inalipuka yenyewe ndani ya silinda, rudisha presha mara moja, maana mlipuko huo huweza kutoboa pistoni; na pampu au nozeli (vinyunyizio vya petroli) zisipoleta petroli ya kutosha, nakusihi usiendelee kamwe.