Somo: Kupima mvuke wa maji angani kwa mawimbi ya GPS

Ndugu wanachama, leo tupime maji ambayo bado hayajanyesha.

Setilaiti ya GPS iko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu. Wimbi lake likiingia kwenye angahewa hupunguza mwendo, risiva (kipokezi cha mawimbi hayo) ikaona kana kwamba njia imerefuka. Pwani, kwa setilaiti iliyo utosini, urefu huo wa ziada ni kama mita 2.5. Wapima ardhi huutupa. Sisi ndio tunaoutaka.

Hatua ya 1. Si lazima ununue risiva. Kituo cha MAL2 cha Malindi kimo katika IGS, mtandao wa kimataifa wa vituo vya GPS, na mafaili yake ya RINEX (vipimo ghafi vya risiva) hupakuliwa bure. Chukua la siku nzima, lenye masafa mawili, ili athari ya ayonosfia (tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme) iondolewe.

Hatua ya 2. Lipeleke kwenye CSRS-PPP, huduma ya mtandaoni ya Kanada inayokokotoa vipimo hivyo, nayo ni bure. Katika majibu tafuta ucheleweshaji wa jumla wa wima, yaani ule urefu wa ziada wa utosini. Tuseme saa 6 mchana umepata mita 2.590.

Hatua ya 3. Toa sehemu ya hewa kavu. Zidisha mgandamizo wa hewa kwa 0.0022768, kisha gawa kwa 0.9974 (inafaa huku kwetu karibu na ikweta). Kwa hektopaskali 1010 unapata mita 2.306. Inabaki 0.284, na hiyo ni kazi ya mvuke.

Hapa ndipo wengi hukwama, wakaanza kuilaumu setilaiti. Mgandamizo unaouona kwenye programu za simu umeshageuzwa uwe wa usawa wa bahari. Malindi hautakuumiza sana. Nairobi, mgandamizo halisi ni kama 830. Ukiweka 1015 unatoa sentimita 42 za ziada, na mvuke wako utakuwa hasi! Tumia barometa iliyo palepale kituoni.

Hatua ya 4. Geuza joto la hewa kuwa kelvini, zidisha kwa 0.72, jumlisha 70.2. Nyuzi 27 ni kelvini 300, hivyo jibu ni 286.2, makadirio ya wastani wa joto la mvuke ulio juu yako. Kwa joto hilo, kizidisho cha kugeuza ucheleweshaji kuwa kina cha maji ni 0.163. Mita 0.284 mara 0.163 ni milimita 46 za maji. Kanuni hii ya joto ya Bevis na wenzake (1992) ilitokana na maputo ya kupima hewa ya Marekani, lakini kosa la nyuzi 3 hapa halileti zaidi ya nusu milimita.

MASWALI

Kwa hiyo zitanyesha milimita 46?
Hapana. Hiyo ni akiba iliyo juu yako saa ile. Hewa isipopanda, hainyeshi. Upepo ukiendelea kuleta mvuke mwingine, mvua inaweza kuzidi hapo. Angalia jinsi akiba hiyo inavyopanda saa kwa saa.

Mawingu hayazuii?
Hayazuii, wala usiku. Puto hurushwa mara moja au mbili kwa siku, risiva haipumziki.

Shikamoo mwalimu. Mbona urefu wa MAL2 ni kama mita 20 chini ya sifuri? Kimezama?
Marahaba. Hakijazama. GPS hupima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, na pwani yetu usawa wa bahari uko karibu mita 30 chini ya umbo hilo. Ukirekebisha mgandamizo wa usawa wa bahari kwa urefu huo bila kuubadili uwe wa kutoka usawa wa bahari, unakosea kama hektopaskali 3.5, yaani zaidi ya milimita 1 ya mvuke.