Jinsi ya kupanga buleti kwenye Word zikae pale unapotaka

Watu wengi wakiona buleti (vile vidoti vya kwenye orodha) zimeingia ndani mno au zimekaa mbali na maandishi, wanakimbilia speisi, wanabonyeza weee mpaka mstari ukae, afu wakibadilisha fonti tu kila kitu kinavurugika upya. Achana na speisi kabisa. Buleti ina vipimo viwili vya kujua, kidoti kinakaa wapi na maandishi yanaanzia wapi, na vyote vinahesabiwa kutoka pambizo (margin) ya kushoto. Kwa kawaida Word inaweka kidoti kwenye sentimita 0.63 na maandishi kwenye 1.27 (kama yako inatumia inchi ni 0.25 na 0.5), kwa hiyo ukitaka vidoti viwe sawa na aya zako za kawaida unaandika 0 na 0.63, basi.

Pa kuandika ni hapa. Bofya kidoti chenyewe mara moja, sio maandishi, utaona vidoti vyote vya ngazi hiyo vimeingia rangi ya kijivu, hapohapo bofya kitufe cha kulia cha mausi afu chagua Adjust List Indents. Bullet position ndo kidoti, Text indent ndo maandishi. Hii ya pili iangalie vizuri maana ndo inayoshika mstari wa pili na kuendelea, ukiipa namba sawa na ya kidoti mstari wa pili unarudi chini ya kidoti na orodha inasomeka vibaya sana. Pale kwenye Follow number with acha Tab character, ukiweka Space mstari wa kwanza unasogea karibu na kidoti na haulingani tena na wa pili.

Rula nayo inafanya kazi (nenda View, weka tiki kwenye Ruler): pembetatu ya juu inasogeza kidoti, ya chini inasogeza maandishi, kile kiboksi chini yake kinavuta vyote pamoja. Ila rula inagusa aya ulizochagua tu, ndo maana unakuta buleti moja imechomoza peke yake katikati ya wenzake. Kwa ripoti ndefu mi nasema tumia namba.

Ukitaka buleti ndani ya buleti, weka kasa (kile kimstari kinachomweka pale unapoandika) mwanzo wa mstari ubonyeze Tab, kurudi ni Shift+Tab. Ngazi ziko mpaka 9 na kila moja ina vipimo vyake, kwa hiyo ukirekebisha ya kwanza usishangae ya pili haijasogea, bofya kidoti chake nayo urudie. Na ukitaka mstari mpya bila kidoti kipya, Shift+Enter.

Wa LibreOffice Writer, fungua Format, Bullets and Numbering, kisha Position, hapo Aligned at ni kidoti na Indent at ni maandishi. Google Docs iko rahisi, kwenye rula kile kimstari cha bluu kinasogeza kidoti na pembetatu inavuta vyote viwili, kwa hiyo anza na pembetatu.

Ikibaki buleti moja sugu isiyotaka kulingana na wenzake, chagua aya nzima ya buleti iliyokaa vizuri, bofya brashi ya Format Painter pale Home, afu ipitishe juu ya ile sugu.