Jiwe la Mrima mlangoni: jinsi ya kulipima mionzi

Mzee mmoja wa Likoni aliniletea jiwe la kahawia ndani ya gazeti. "Mwanangu, hili litaniua?" Aliliokota zamani Mrima, kile kilima cha Kwale chenye thoriamu (metali inayotoa mionzi) na niobiamu (metali nyingine), akawa analitumia kuzuilia mlango wa sebule. (Mrima ni msitu wa kaya pia, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Kuokota vitu huko ni kesi nyingine.)

Kama nawe unalo, fanya hivi.

Hatua ya 1: pima mahali kwanza. Jiwe lipeleke mbali, uani. Washa kipimo cha Geiger (kifaa cha kupima mionzi), kiache dakika 10, andika wastani. Namba zinazorukaruka usizifuate. Karibu mikrosiveti 0.1 kwa saa ni kawaida (siveti ni kizio cha mionzi inayoufikia mwili). Mimi niliwahi kuiruka hatua hii, nikalisingizia jiwe la watu makosa ya vigae vya sakafuni. Rangi ya kung'aa ya vigae vingi ina zirkoni, na zirkoni hubeba uraniamu na thoriamu kidogo.

Hatua ya 2: sasa lilete jiwe. Pima sentimita 1 kutoka kwake, halafu nusu mita, dakika 10 kila mara. Katika kila jibu, toa wastani wa Hatua ya 1.

Hatua ya 3: piga hesabu ya saa. Tuseme pale unapokaa imebaki mikrosiveti 0.3 kwa saa, nawe unakaa saa 2 kila siku. Kwa mwaka ni saa 730, yaani kama milisiveti 0.22 (milisiveti 1 ni mikrosiveti 1,000). Binadamu wa kawaida duniani hupata takriban 2.4 kwa mwaka kutoka kwa maumbile tu.

Hatua ya 4, ambayo watu huipuuza: vumbi. Chembe za alfa, aina moja ya mionzi ya jiwe kama hili, huzuiwa hata na karatasi, ngozi yako inatosha. Zikitoka kwenye vumbi lililokwisha kuingia mapafuni, hakuna cha kuzizuia, na hapo ndipo saratani hupata njia. Basi usilisage, usilipige nyundo, usilikate. Lilipokuwa pafute kwa kitambaa kibichi, usifagie, kisha nawa mikono.

Mawe haya hutoa pia gesi ya radoni, nayo ina mionzi, ambayo Geiger haiipimi sawasawa. Ina kifaa chake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli 100 (kizio cha kupima mionzi inayotoka) kwa mita ya ujazo ndani ya nyumba. Fungua madirisha, upepo wa bahari upite.

La mzee, kwa nusu mita, halikutofautiana sana na sebule yenyewe. Hata hivyo mkewe alilihamishia nyuma ya banda la kuku, na mlango sasa unazuiwa na tofali.