Kuuza sare na vifaa vya maigizo ya vita vya zamani kama kazi ya pembeni

Nimetoka kumwelekeza rafiki mwenye ajira ya kila siku, anayetaka kutumia jioni zake kuwauzia vifaa watu wanaoigiza vita vya zamani. Maswali yake mengi yalihusu tovuti na nembo. Nikamrudisha kwenye futi ya fundi cherehani. Biashara hii ukiifanya kwa saa chache za wiki, kinachoiua ni mizigo inayorudishwa kwa sababu haikumtosha mteja.

1. Chagua jeshi moja na kipindi kimoja

"Vita Kuu ya Pili" ni pana mno. Chagua kwa mfano askari wa miguu wa Marekani aliyepigana Ulaya mwaka 1944, kisha umjue toka kichwani hadi kwenye buti. Wateja wako wanamjua hivyo. Kofia ya chuma ya M1 ilianza kutumika 1941. Kwenye zile za mwanzo, vishikizo vya mkanda wa kidevuni vilichomelewa bila kucheza, na ukingo wa kofia ulikuwa na mshono mbele, yaani pale ncha za utepe wa chuma wa ukingoni zinapokutana. Vishikizo vinavyocheza vilikuja 1943, na mshono ukahamia nyuma kuelekea mwisho wa 1944. Ukimpa kofia yenye mshono nyuma mtu anayeigiza wanajeshi walivyotua Normandia, pwani ya Ufaransa, mwezi Juni 1944, umemuuzia kitu ambacho siku ile hakikuwapo.

2. Anza na vitu visivyo na saizi

Mikoba, vifuko vya chupa za maji, bizimu, vifungo, kanda za kubebea mzigo. Vinachakaa, vinapotea, havimbani mtu kifuani. Nguo zije baadaye.

3. Agiza sampuli, kisha uichome

Chomoa nyuzi chache upande wa ndani, zishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, uwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Pamba inaungua kama karatasi. Poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Waigizaji hulala karibu na moto, na kitambaa kinachoyeyuka kinagandia ngozi, kwa hiyo mtengenezaji akisema "sufu tupu" nami nikaona kidonge, mazungumzo yetu yameishia hapo. Uzi wa kushonea uchome pia.

4. Vipimo

Hapa ndipo saa zinapokwenda, basi soma taratibu.

Mteja atakuandikia saizi ya jinzi yake. Usiipokee. Namba ya kwenye lebo ya jinzi mara nyingi si inchi za kiuno chake, na jinzi inakaa chini, karibu na nyonga. Suruali ya kijeshi ya miaka ya 1940 inakaa juu, usawa wa kitovu, na huko mwili una kipimo kingine. Mwambie apime kitovuni, akiwa amesimama, ametoa pumzi, tumbo amelilegeza.

Gwanda fupi la sufu la jeshi la Uingereza linaonyesha vizuri kwa nini jambo hili ni zito. Linaishia kiunoni na nyuma linafungwa kwa vifungo vya suruali. Mteja akiivaa suruali nyongani kama jinzi, gwanda halifikii, shati linachungulia mgongoni kila akiinama, naye atakuandikia kwamba gwanda ni fupi. Gwanda halina kosa. Kwa hiyo kwenye tangazo weka picha ya mtu aliyeivaa suruali mahali pake, kwa ubavu.

Kifua kipimwe na mtu mwingine. Anayejipima mwenyewe huinua mikono, na futi inateremka mgongoni. Ipite sehemu pana zaidi, ilale sawa pande zote, apime juu ya shati atakalovaa ndani. Kama atavaa na sweta, apime juu ya sweta. Mkono upimwe kuanzia katikati ya shingo nyuma, kupitia bega, hadi kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimepinda kidogo.

Kuna mitego mingine. Mwambie aandike kipimo pamoja na kizio chake, inchi au sentimita, kila mstari. Futi za kitambaa hutanuka kwa umri. Mimi natumia ya plastiki yenye nyuzi za kioo tu, na kila msimu nailinganisha na rula ya chuma. Asiye na futi atumie kamba isiyovutika, kisha ailaze kwenye rula. Buti zipimwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, akiwa na soksi nene za sufu, na upana wa mguu uandikwe pamoja na urefu.

Halafu upande wako: usiamini lebo ya kiwanda. Laza kila nguo mezani, pima kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili, na uandike namba hiyo kwenye kikaratasi unachokibana nguoni. Nguo mbili zenye lebo moja hutofautiana. Kwa gwanda la sufu nataka kifua cha nguo kizidi cha mteja kwa inchi nne hivi, maana sufu nzito haitanuki kama fulana. Onya pia kuhusu maji ya moto: yakishaipata sufu, vipimo vyote hivi havina kazi tena.

5. Tia alama kwenye kila nakala ya kitu cha zamani

Gonga mhuri wa kudumu ndani, mahali pasipoonekana nguo ikivaliwa: jina la biashara na mwaka wa kutengenezwa. Nakala nzuri ikikaa miaka kumi kwenye kabati na kufubaa, mtu wa tatu anaweza kuiuza kama kitu cha askari aliyekufa vitani. Sikubali kitu changu kitumike hivyo. Mteja akiomba nakala isiyo na alama, simuuzii.

6. Picha

Mwanga wa mchana, kivulini, pamoja na kitambaa cheupe pembeni ili rangi isomeke. Turubai la Kimarekani la mwanzo lina rangi ya hudhurungi, la baadaye ni kijani kilichokolea. Taa ya njano inazifanya zifanane.

7. Oda na kalenda

Andika wazi siku zako mbili za kufunga mizigo, na tarehe ya mwisho ya kupokea oda kabla ya kila tukio kubwa. Fedha za biashara zikae akaunti yake. Vitu vya kushonesha maalumu, chukua nusu ya malipo mapema, ukishapata vipimo vyote.

Silaha ziache, hata zilizozimwa zisiweze kufyatua: sheria hutofautiana nchi kwa nchi na zinahitaji mtu wa kuzishughulikia kutwa. Alama za Kinazi nazo, Ujerumani kifungu cha 86a cha kanuni ya adhabu kinakataza kuzionyesha hadharani, isipokuwa kwa shughuli kama elimu, sanaa na utafiti. Kabla ya kutuma kitu chenye nembo nje ya nchi, soma sheria ya kinakokwenda na masharti ya soko la mtandaoni unalolitumia, ndipo upokee malipo.