Bei ya maua ya harusi: isikuumize wewe wala mwenye harusi

Wapambaji wengi hapa Unguja ukiwauliza buketi kiasi gani wanakutazama kwanza, umekuja na gari gani, mtoto wa nani, ndo wakutajie bei. Sasa hapo umebahatisha tu, na mwisho wake yule aliyelipa zaidi atajua, maana harusini watu wanaulizana na kisiwa chenyewe ndo hichi. Bei inatakiwa ikae kwenye daftari kabla simu haijalia.

Tuanze na mawaridi kwa sababu ndo yanayowala watu mtaji. Mengi yanatoka bara, yanashuka na boti hapo bandarini Malindi, kuna nauli ya boksi, kuna hamali, kuna bodaboda mpaka nyumbani, na ukifungua boksi mengine yameshavunjika shingo. Kwa hiyo buketi la mawaridi 24 usinunue 24. Tuseme waridi moja limekusimamia shilingi 1,000 mpaka mlangoni (wewe weka bei yako ya wiki hii, mimi natoa mfano tu), nunua 30, hiyo 30,000. Utepe, waya na gundi 6,000. Kupeleka 4,000. Na mikono yako saa mbili, saa moja 5,000, hiyo 10,000. Jumla 50,000. Wengi wakifika kwenye mikono wanaruka, wanasema mimi mwenyewe sijilipi, haya siku ukiumwa ukamwita mtu akufungie utamlipa kwa pesa gani?

Hapo kwenye 50,000 bado hujapata faida hata senti. Watu wanasema nataka faida asilimia 30, wanachukua 50,000 wanaongeza 15,000 wanauza 65,000. Piga hesabu vizuri, 15,000 kwenye 65,000 ni kama asilimia 23 tu. Ukitaka 30 kweli kwenye bei unayouzia gawa gharama kwa 0.7, yaani 50,000 gawa kwa 0.7 inakuja 71,428, sema 72,000. Ile tofauti ya elfu saba kwa kila buketi ukiikusanya msimu mzima ni pesa ya maana sana.

Asumini sasa ni habari nyengine kabisa. Zinachumwa jioni zikiwa bado tumba, unazifunika na kitambaa kibichi, unakaa na sindano na uzi unatunga koja moja moja mpaka mgongo unalia, usiku zikishavaliwa ndo zinafunguka harufu inajaa ukumbi. Kesho yake zimeshakuwa kahawia. Hakuna ya kubaki hapo ukamuuzia mwengine. Maua ya bandia ukikosea bei utayakodisha tena wiki ijayo, koja la asumini ukikosea ndo basi tena. Kwa hiyo kwenye asumini mimi naona mtu asifunge bei miezi miwili kabla, mwambie mteja bei ya vikuba (vile vishada vya maua ya kunukia vya kuvaa) na makoja nitakuthibitishia wiki ya harusi, mana siku maua yakiwa adimu wachumaji wanapandisha na wewe huna la kufanya. Na kujua gharama ya kutunga weka simu mbele yako, anza koja, maliza, angalia dakika ngapi. Ukiita wasichana wa mtaani wakusaidie walipe kwa koja na kwa kikuba, siyo kwa siku, hapo utajua kila kimoja kimekula shilingi ngapi.

Kuna na hili la mti wa uani. Mama mtu atakwambia, "Mwanangu, asumini si za hapo uani kwako, wanitoza nini?" Mjibu kwa adabu tu, "Mama yangu, mti mmoja hautoi makoja ishirini, nyengine nanunua kwa watu, na wa kutunga nao wanataka chao." Hata zile zako za uani zihesabu kwa bei ya sokoni, kwa sababu siku mti ukikauka bei yako haitaweza kuruka ghafla watu wakakuelewa.

Gharama za mwezi nazo zina pahala pake. Ramadhani harusi hakuna, lakini kodi ya duka na umeme wa friji haufungi. Halafu Shaabani na baada ya Idi kazi zinamiminika mpaka unakataa. Jumlisha matumizi ya mwaka mzima ugawe kwa kazi unazopata kwa mwaka, kwa mfano 150,000 kwa mwezi ni 1,800,000 kwa mwaka, kama una harusi 60 basi kila harusi ibebe 30,000, iingie kwenye gharama kabla hujagawa kwa 0.7. Karibu na tarehe 14 Februari mawaridi yanapanda, hilo mwambie mteja mapema wala usimfiche. Kusi ikivuma boti nazo zinaahirishwa, kwa hiyo mzigo wa waridi uagize ufike siku moja kabla, hata kama barafu itakugharimu.

Harusi za hoteli za Nungwi na Kendwa, huko karibu kilomita 60 kutoka mjini, unakwenda kupamba na usiku unarudi kupambua, hizo safari mbili, zitoze mbili. Lakini mgeni usimtoze mara tatu kwa buketi lile lile, mi siipendi tabia hiyo. Akitaka tao la maua ufukweni na upepo ule unahitaji vyuma, watu wa kushika na maua ya akiba, toza hivyo.

Mteja akikuomba upunguze, punguza kitu na bei ishuke nacho. Meza kumi ziwe sita, mawaridi yachanganywe na majani na mrehani. Ukikata bei kazi ikabaki ile ile, ujue umempa mikono yako bure. Ndugu na majirani kama unataka kumtunza bi harusi, andika kwenye risiti bei kamili kisha chini yake andika zawadi kiasi fulani, ili shoga yake akija mwezi ujao asije na ile bei ya zawadi mdomoni.

Arbuni chukua nusu siku ya kukubaliana, hiyo ndo ya kununulia maua, na iliyobaki ilipwe kabla ya siku yenyewe. Baada ya walima watu wamechoka na pesa imekwisha. Vesi na mikeka ya kukodisha chukulia amana mbali, irudishe pale pale vitu vikirudi vizima.