Kazi ya Nyumbani ya Kiingereza Isiyokopika: Mwongozo kwa Walimu wa Sekondari

Mwalimu wa Kiingereza wa shule ya kutwa anayajua madaftari ya Jumatatu. Majibu ya wanafunzi kumi yanafanana neno kwa neno, hata makosa ni yale yale. Tunawagombeza, tunawaandika majina, na Jumatatu inayofuata hali ni hiyo hiyo. Mimi nafundisha hapa Tanga, na nimefikia kuamini kwamba tatizo liko kwenye zoezi tunalotoa. Ukisema "jaza nafasi zilizo wazi", jibu ni moja tu kwa darasa zima, na aliyelipata mapema atawaazima wenzake daftari. Ukiuliza jambo ambalo jibu lake liko kwa bibi yake, uani kwao, au njiani anakopita yeye, hana wa kumwangalizia.

Kuna faida ya pili, nayo naiona kubwa kuliko ya kwanza. Wengi wa watoto wetu wametoka shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa namna hii ukimwambia aandike insha kuhusu safari ya ndege ambayo hajawahi kuipanda, umemtwisha mizigo miwili: atafute la kusema, kisha atafute lugha ya kulisemea. Mwondolee mmoja. Aandike anachokijua, akili yote iende kwenye lugha.

Hatua ya 1: Anza na sarufi, kisha uitafutie makazi

Usianze kwa kutafuta kazi ya kufurahisha. Anza na kipengele cha sarufi ulichofundisha wiki hiyo, kimoja tu, halafu jiulize: nyumbani kwa mwanafunzi, kipengele hiki kinatumika wapi? Wakati uliopo unakaa vizuri kwenye vitendawili. Vihusishi na sentensi za kuamuru zinakaa kwenye kuelekeza njia. Wakati uliopita na usemi wa taarifa zinakaa vinywani mwa wazee. Kauli ya kutendwa inakaa kwenye habari za magazeti. Ukikosa makazi ya kipengele hicho, toa zoezi la kawaida la kitabuni wiki hiyo, hakuna ubaya.

Hatua ya 2: Weka mipaka kabla ya kutoa kazi

Kazi isizidi dakika ishirini za kuandika. Isidai simu wala fedha. Watoto wetu wakitoka shule wengine wanakwenda madrasa, wengine wanachota maji, na wasichana hasa wanaingia jikoni moja kwa moja. Kazi inayohitaji kuzungumza na mtu naitoa Ijumaa, ili Jumamosi na Jumapili zisaidie. Wa bweni wanamhoji mpishi, mlinzi au matroni.

Mpaka mwingine ni wa heshima. Usiulize jambo litakaloianika shida ya nyumba: wanakula mara ngapi, baba yuko wapi, wanalala wangapi chumbani. Uliza kuhusu kazi, vitu, njia na kumbukumbu. Na usiseme "mhoji baba yako". Sema "mhoji mtu mzima yeyote", maana kuna mwanafunzi ambaye mtu mzima wake ni fundi baiskeli wa jirani au mama anayekaanga vitumbua pale kituoni.

Hatua ya 3: Kitendawili cha kitu cha nyumbani (kidato cha kwanza)

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Mwanafunzi anachagua kitu kimoja kilichopo kwao na kukiandikia sentensi tano, kana kwamba kitu chenyewe kinasema. Jina lake halitaji. Ubaoni ninaandika mfano wa mbuzi wa kukunia nazi:

"When I work, I stand on four legs. You sit on my back. I have one tongue with many teeth. I eat coconuts but I never swallow. What am I?"

Kabla hawajaondoka, tunatoa pamoja viunzi vya sentensi: "I have…", "I live in…", "I eat… but I never…", "People use me to…". Wanavinakili daftarini. Mwanafunzi dhaifu atavijaza tu, na hiyo inatosha kwa kuanzia. Aliye mbele ataviacha atunge vyake.

Neno lisipopatikana, sheria ni moja: liandike kwa Kiswahili, lipigie mstari, endelea. Usiruhusu sentensi nzima ife kwa sababu ya neno la kinu au la ungo. Maneno yaliyopigiwa mstari tunayatafuta darasani kwenye kamusi, na huo ndio msamiati wa wiki.

Siku ya kusoma, tunafuata utaratibu wa vitendawili kama tulivyolelewa, ila kwa Kiingereza. Msomaji anasimama, anasoma, darasa linabahatisha. Wakishindwa, anadai mji: "Give me a town!" Wanampa: "We give you Muheza!" Naye, kabla ya kutoa jibu, lazima aeleze alivyokwenda huko na alichokifanya: "I went to Muheza. I ate many oranges. I slept under a tree." Hapo amefanya mazoezi ya wakati uliopita bila kuambiwa, na darasa zima linasikiliza kwa makini kwa sababu linataka jibu. Nimewaona wanafunzi wasiofungua kinywa kipindi kizima wakinyoosha mkono kudai mji.

Kisha kuna nusu ya pili ya kazi, usiiache. Kila mmoja anabadilishana daftari na jirani yake na kuandika upya kitendawili cha mwenzake kwa kuanza na "It": "It stands on four legs. It has one tongue. It eats coconuts but it never swallows." Ile "s" ya mwisho wa kitenzi, inayotusumbua kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, hapa inajitokeza mara tano mfululizo, tena kwenye maandishi ambayo mwanafunzi ana hamu nayo.

Hatua ya 4: Nielekeze bila kunitajia (kidato cha kwanza na cha pili)

Mwanafunzi anaandika maelekezo ya kutoka getini kwa shule hadi mahali anapopajua, bila kupataja. Darasani, mwenzake anasoma na kuchora njia kwenye karatasi, mwishoni aseme amefika wapi. Akipotea, wanakaa wawili hao na kutafuta sentensi iliyompoteza.

Wanaokaa Ngamiani wana bahati, maana barabara zao zina namba na kila mtu anazijua. Wa Tongoni au Mabokweni watatumia mbuyu, kisima, msikiti, kona yenye duka. Sahihisha vitu viwili tu: "on your left" badala ya "in your left", na "go straight" badala ya "go to straight".

Hatua ya 5: Mtu mzima ana habari (kidato cha pili na cha tatu)

Andaa maswali matatu pamoja na darasa. Mimi hupenda haya: Ulipokuwa na umri wangu ulikuwa unaishi wapi? Kazi yako ya kwanza ilikuwa ipi? Ni kitu gani kilikuwa kinauzwa hapa zamani na sasa hakipo?

Mahojiano yafanyike kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiswahili, Kidigo, Kibondei au Kisambaa. Aanze kwa shikamoo, aombe ruhusa, aeleze kuwa ni kazi ya shule. Hapa sisitiza jambo moja: asiandike majibu kwa sentensi kamili za Kiswahili. Aandike maneno machache tu ya kumkumbusha, kama "mkonge, Korogwe, miaka minne". Akiwa na sentensi kamili atazigeuza neno kwa neno, na utapata "My grandfather he cut sisal", kwa kuwa Kiswahili chetu hutaka kiambishi cha mtenda kwenye kitenzi hata mtenda akiwa ametajwa. Akiwa na maneno matatu tu, analazimika kuijenga sentensi kwa Kiingereza tangu mwanzo.

Mkonge utautarajia sana kwenye majibu ya Tanga. Wape historia yake fupi kabla hawajakwenda kuhoji, ili wawe na la kuuliza zaidi: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche iliyofika hai ikiwa 62, na kutokana na hiyo yakatanda mashamba ambayo babu na bibi zao walifanya kazi.

Mfano wa ubaoni ninautoa kwa mtu wanayemjua wote. "Shaaban Robert was born at Vibambani, near Tanga, in 1909. He worked as a customs clerk for many years. He died in 1962." Sentensi tatu, vitenzi vyote vya wakati uliopita, na anayesifiwa ni jirani yao. Mwanafunzi anafuata umbo hilo hilo kumwandikia mzee wake, na mara nyingi anapata aya nzuri kuliko nilivyotarajia.

Kidato cha tatu wanakwenda mbele zaidi. Mzee aliposema "I cut sisal for four years", wao wanaandika "My grandfather said that he had cut sisal for four years". Aliposema "I sell fish", wanaandika "She said that she sold fish". Waonyeshe kwamba kitenzi kimerudi nyuma hatua moja. Ukilifundisha hili kwa sentensi za kubuni za kitabuni, linakauka. Likitoka kwenye kinywa cha mtu aliyesema kweli, wanafunzi wenyewe watauliza, "Sasa mwalimu, bado anauza, kwa nini niandike *sold*?" Jibu swali hilo kwa utulivu, lina thamani: kama jambo bado lipo, kuubakiza wakati uliopo kama ulivyo si kosa, ila kwenye mtihani kurudisha nyuma ndiko salama zaidi.

Hatua ya 6: Habari kutoka baharini (kidato cha tatu na cha nne)

Kwa kauli ya kutendwa, Tanga tunaye samaki wetu, silikanti. Wanasayansi waliamini alitoweka zamani za dinosaria, hadi alipopatikana hai Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu wavuvi walianza kumnasa mwaka 2003, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Anaweza kufikia urefu wa mita mbili, anaishi kwenye kina kirefu, na mapezi yake yana nyama kama viungo vya mnyama.

Andika mambo hayo ubaoni kwa ufupi. Lakini kumbuka, ukiishia hapo umerudi kwenye jibu moja la watu wote. Kwa hiyo kazi iwe hivi: habari ya gazeti ya sentensi sita, tatu kutoka ubaoni ("It was found in South Africa in 1938"), na tatu kutoka kwa shahidi wa mwanafunzi mwenyewe, yaani mtu aliyewahi kuona kitu cha ajabu kikitoka baharini, mtoni au shambani. "A huge turtle was caught in a net. It was untied and it was pushed back into the water." Anayekaa mbali na pwani asilazimishwe habari za samaki. Chatu aliyeonekana shambani ni habari pia.

Hatua ya 7: Sahihisha kitu kimoja

Hapa ndipo walimu wengi wanapokata tamaa, na nawaelewa. Mikondo miwili ya wanafunzi sitini sitini, ukisahihisha kila kosa hutalala, na mwanafunzi anayerudishiwa ukurasa mwekundu hasomi hata neno moja ulilomwandikia.

Tangaza siku ya kutoa kazi kwamba utaangalia kipengele kimoja tu, kile cha hatua ya 1. Makosa yake yapigie mstari bila kuyarekebisha. Mwenye daftari ndiye atakayerekebisha, kwa kalamu ya rangi nyingine, kipindi kinachofuata. Makosa mengine yapite kwa sasa. Chini ya kazi andika swali moja fupi la kweli kuhusu alichokieleza: "Who bought the turtle net?" au "Does your grandmother still have the grater?" Swali hilo linamwambia mwanafunzi kwamba umemsoma yeye, na kulijibu ni sentensi nyingine ya Kiingereza ambayo hukuipangia kipindi.

Ukishuku kwamba kazi imeandikwa na mtu mwingine au imetoka kwenye simu, usimtuhumu. Mwite pembeni umuulize mambo mawili kuhusu mtu aliyemhoji. Aliyehoji kweli ataeleza, hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Kusaidiwa na kaka au dada mkubwa mimi sikuhesabu kuwa ni udanganyifu.

Hatua ya 8: Tumia makosa kupanga wiki ijayo

Wakati unasahihisha, weka karatasi pembeni na unakili sentensi nane au kumi: nusu nzuri, nusu zenye kosa linalojirudia. Ziandike ubaoni bila majina. Darasa lichague zilizo nzuri na kueleza uzuri wake, kisha lirekebishe zilizobaki. Kosa lililojitokeza kwa wengi zaidi, hasa lile uliloliacha lipite kwenye hatua ya 7, ndilo kipengele cha sarufi cha kazi ya Ijumaa inayofuata.