Namna ya Kuzisikiliza Albamu Tisa za Whitechapel

Bendi ya Whitechapel iliundwa mwaka 2006 mjini Knoxville, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, na kati ya 2007 na 2025 imetoa albamu tisa za studio. Anayetaka kuifahamu kwa kawaida huanza na ya kwanza kisha akazifuata zote kwa mpangilio wa miaka. Kwa bendi hii njia hiyo humchosha mgeni mapema. The Somatic Defilement (2007) ni kazi ya vijana waliokuwa na kasi kubwa kuliko ustadi wa kurekodi, na maneno yake husimuliwa kwa kinywa cha muuaji wa aina ya Jack the Ripper, aliyeutia hofu mtaa wa Whitechapel jijini London mwaka 1888, mtaa ambao bendi iliazima jina lake. Si chakula cha kumwonjesha mtu asiyewahi kusikia dethikoo, yaani aina ya muziki wa metali mzito na mkali ambao bendi hii huupiga.

Anza na The Valley ya mwaka 2019. Kabla ya kuicheza, weka simu mbali na utafute hedifoni au redio yenye besi ya kutosha, kwa kuwa bendi hii ina wapiga gitaa watatu, Ben Savage, Alex Wade na Zach Householder, ambao hulegeza nyuzi hadi sauti ishuke chini sana. Kwenye spika ya simu utasikia tu kitu kinachofanana na nyigu waliofungiwa ndani ya debe. Kisha yasome maneno ya nyimbo kwanza. Sauti ya mwimbaji Phil Bozeman hutoka kooni kwa mkwaruzo mzito, na hata mzawa wa Kiingereza hukosa maneno mengi asipokuwa nayo mbele ya macho.

Wimbo wa kwanza, "When a Demon Defiles a Witch", huanza na gitaa tulivu linalodonolewa polepole, ukalipuka, na baadaye ghasia zote hukatika na Bozeman akaimba kwa sauti yake ya kawaida, isiyo na mkwaruzo wowote. Rudia sehemu hiyo mara mbili au tatu. Albamu nzima inahusu utoto wake katika eneo la Hardin Valley, karibu na Knoxville, pamoja na ugonjwa wa akili wa mama yake, na ukishalijua hilo utatambua kwamba zile kelele hazikuwekwa kwa ajili ya kutisha watu. "Hickory Creek" huimbwa wote kwa sauti safi, jambo ambalo mashabiki wa zamani hawakulitarajia.

Kutoka hapo nenda kwenye Kin (2021), inayoendeleza masimulizi hayo, halafu urudi nyuma hadi Mark of the Blade (2016), ambako wimbo "Bring Me Home" ulifungua mlango wa uimbaji huo safi. Kwa maoni yangu albamu hiyo haina uzito sawa na hizo mbili, lakini bila yake mtu hawezi kuelewa mabadiliko yalianzia wapi.

A New Era of Corruption (2010), Whitechapel (2012) na Our Endless War (2014) zinaweza kusikilizwa kwa mfululizo katika wiki moja. Ni kazi imara, ingawa hazitofautiani sana. The Somatic Defilement iache hadi wakati huu, na ukiweza tafuta toleo la 2013, ambalo sauti zake zilichanganywa upya.

Mbili zilizobaki zisikilize siku moja, bila kuweka kitu katikati: This Is Exile (2008), ambayo ndiyo iliyowapatia jina, kisha Hymns in Dissonance (2025), iliyotayarishwa na Householder mwenyewe na ambamo bendi imerudia ukali wa zamani. Isikilize sauti ya Bozeman tu katika zote mbili, na uangalie ni katika ipi unayapata maneno bila kuchungulia karatasi.